Pilato hatoi mvua kutoka kichwani mwake!

Washkaji wa kwetu Zirai na Usambara nzima, leo tuambiane ukweli. Vijiweni kila siku nasikia, "Fulani kala mvua 30, hakimu alikuwa na hasira!" Si hasira, ni sheria.

Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachonoa mahakimu, kiko hapo hapo Lushoto. Kimeundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Ajabu ni kwamba sisi wa milima hii hii hatujui pilato anavyopima adhabu.

Mahakama ya mwanzo kwa kawaida haivuki miezi 12. Ya wilaya huishia miaka 5, isipokuwa pale sheria ilipoweka kiwango cha chini. Hapo ndipo vijana wanapopotelea. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mtu mzima, ni miaka 30 kwenda juu, hata kama ulichopora ni kiredio. Na panga nalo ni silaha! Hakimu akuonee huruma mpaka alie, hashuki chini ya hapo.

Kwenye makosa mengine maneno yako yana uzito. Ukishatiwa hatiani, mwendesha mashitaka anaeleza kama umewahi kufungwa, kisha unaulizwa kwa nini upunguziwe. Kosa la kwanza, umri, muda uliosota mahabusu, kukiri mapema: vyote hupimwa. Unaweza kupigwa faini, kuachiwa kwa masharti, au kufanya huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002, badala ya kupanda karandinga kwenda Maweni.

Kinachoniuma ni neno "ni kweli". Nikikaa benchi la wasikilizaji nawaona madogo wanalitamka haraka haraka, wakidhani jioni watalala kwao. Kwa kosa la mvua 30 halikupunguzii hata siku moja! Tena ukishakiri sawasawa, hukati rufaa kupinga hatia. Unabaki kulalamikia adhabu tu. Ukikiri, utasomewa maelezo ya tukio. Ukisikia uongo, kataa pale pale, hakimu ataandika umekana.

Hujaridhika? Kutoka mahakama ya mwanzo una siku 30 kwenda wilaya. Kutoka wilaya, toa notisi ndani ya siku 10, na rufaa ifike Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Ukilala, shauri yako.

Haya, ukimaliza kusoma mpelekee na mwenzio aliyeko mahabusu. Huenda hajaulizwa bado.