Je, Wajua? Mchezo Uliotangulia Kitabu Chake

Aliyekulia kwenye karata anajua: ugomvi hauanzi karata zinapogawiwa, unaanza mtu anaposema, "Kwetu hatuchezi hivyo." Mchezo wa Dungeons & Dragons ulijengwa kwa ugomvi wa namna hiyo. Huchezwa mezani, kila mchezaji hujivika uhusika, awe shujaa, mchawi au mwizi, na mwenzao mmoja husimulia yanayowakuta na kutoa hukumu. Watu waliucheza kwanza, sheria zikaandikwa baadaye.

Je, wajua kwamba mbegu yake ilidhaniwa imeoza? Mwaka 1969, jimboni Minnesota, Marekani, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita vya enzi za Napoleon katika mji wa kubuni wa Kijerumani ulioitwa Braunstein. Wengine aliwapa majeshi, wengine akawapa vyeo vya uraiani, kama meya na mkuu wa wanafunzi. Wawili wakaitana wapigane ana kwa ana. Sheria ya jambo hilo haikuwepo, ikabidi aibuni palepale, dadu mkononi. Majeshi yakasahaulika. Wesely aliamini kazi imemharibikia, kumbe wenzake walitaka arudie.

Je, wajua kwamba uhai wa shujaa ulitoka kwenye meli? Dave Arneson, mmoja wa wachezaji wale, alianzisha mchezo wake, Blackmoor, wenye mahandaki chini ya ngome. Watu walichukia kuona mhusika waliyemlea anakufa kwa pigo moja. Arneson alieleza kwamba dawa aliipata katika sheria alizokuwa ameziandika za mapambano ya meli za chuma: meli hupigwa, ikapigwa tena, ndipo ikazama. Akawahesabia binadamu vivyo hivyo.

Mwishoni mwa 1972 alifunga safari hadi Lake Geneva, Wisconsin, akamchezesha mpenzi mwenzake wa michezo ya vita, Gary Gygax. Gygax alikuwa amepoteza kazi ya bima na alikuwa akishona viatu. Aliucheza, ukamwingia, akaomba sheria. Alichopata ni kurasa kama 20 za dondoo. Arneson alikuwa bingwa wa kuchezesha, si wa kuandika, na nadhani mchezo ulihitaji watu wote wawili. Gygax aliketi kwenye taipureta akatoa kurasa kama 50, akaziachia marafiki wazijaribu. Kila walipokwama pakaongezeka kifungu, hata zikafika kama 150.

Je, wajua dadu la pande 20 la mchezo huu lilitoka wapi? Kwenye katalogi ya vifaa vya shule, yalikouzwa maumbo ya kufundishia hisabati. Halikuwa na namba 1 hadi 20, bali 0 hadi 9 mara mbili. Kwa hiyo mchezaji alichukua kalamu ya nta, akapaka seti moja rangi moja na ya pili rangi nyingine, ili ajue 7 ni saba au ni kumi na saba. Plastiki yenyewe ilikuwa laini; likirushwa sana kona zililika, likaanza kubingirika kama gololi.

Hata mazimwi ya mchezo huu hayakutoka mbali. Zimwi mla vyuma, anayegeuza panga la mtu kuwa kutu, alibuniwa kutokana na mdoli wa plastiki wa bei chee.

Je, wajua kwamba kasha la kwanza la mchezo huu halikujitosheleza? Lilitoka mwaka 1974, nakala 1,000 zilizopangwa kwa mikono, vijitabu vitatu kwa dola 10. Orodha ya vifaa ilimtaka mnunuzi awe pia na Outdoor Survival, mchezo wa kampuni nyingine kuhusu kupotea porini, kwa sababu ya ramani yake tu! Aliyeanza bila mtu wa kumwelekeza alilazimika kujijazia mapengo, na ndiyo maana kila mji ukawa na namna yake ya kucheza.

Baadaye vitabu vikanenepa, wahariri wakaajiriwa, kompyuta zikaja. Katika miaka ya 1990 iliamuliwa kwamba neno "mage", yaani mchawi, libadilishwe kote katika kitabu kimoja cha mchezo huu kuwa "wizard". Kompyuta ikatii bila kuuliza. Ilisahaulika kwamba herufi hizo zimo pia ndani ya "damage", neno la majeraha, ambalo mchezo huu wa mapanga hauwezi kukosa. Kitabu hicho kikachapishwa, na wanunuzi wakasoma kuhusu silaha zinazosababisha "dawizard".