Mguu Ukiuma, Moyo Nao Huumia

Mwezi huu tunazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi tunaupita tu tukidhani ni uzee.

Tunaye mzee mmoja jirani, jina tunaliacha. Zamani siku ya mgao alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na jioni hakosi kwenye bao. Baadaye akaanza kusimama njiani, ameshika shavu la mguu. Akipumzika dakika chache maumivu yanaisha, akitembea yanarudi. Mwisho akaacha kutoka. Mjukuu wake akatuambia darasani, "Babu anakaa ndani tu, hataki hata kula." Watu wakasema ana kiburi, wengine eti amerogwa. Kumbe sivyo!

Mishipa inayopeleka damu miguuni huziba kidogo kidogo kwa mafuta. Mtu akitembea, misuli inadai damu nyingi, haipati, ndipo inauma. Wanaoupata zaidi ni wavuta tumbaku, wenye kisukari, wenye presha na watu wa umri mkubwa.

Sasa, asiyeweza kutembea hafiki sokoni, hafiki kanisani wala msikitini, hafiki kwa rafiki. Sisi tuliokwisha kuacha nyumba na mashamba tunajua uchungu wa kunyang'anywa kilichobaki. Huzuni ikikaa wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikapotea, mtu akajiona hana maana, hiyo ni sonona. Ni ugonjwa, na una tiba ya mazungumzo na ya dawa. Ukiachwa, mgonjwa hatembei, anaacha dawa, na miguu inazidi.

Tufanye nini?

1. Tumpeleke kituo cha afya, na aseme yote mawili. Wengi husema mguu, moyo wanauficha.

2. Aache tumbaku kabisa.

3. Mganga akiruhusu, atembee mpaka maumivu yawe ya kadiri, asimame yaishe, aendelee. Jumla dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Asitembee peke yake.

4. Miguu iangaliwe kila siku. Asiende peku, wala asiiote kwenye moto.

5. Mguu ukiwa baridi na mweupe ghafla, ukiuma hata amelala, au kidonda kikikataa kupona, apelekwe mara moja. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake, ombeni msaada saa hiyohiyo.

Mzee wetu siku hizi anatembea na mjukuu mpaka bombani. Wanasimama mara tatu, mtoto anahesabu. Hajapona. Lakini juzi alirudi kwenye bao, akafungwa, akacheka sana.

Wewe je, jirani yako hujamwona siku ngapi? Nenda ukabishe hodi.