Galien, munganga aliyeingia ndani ya mine ya shaba

Mutu akikasirika mbio, tunasema damu yake ni ya moto. Akiwa na huzuni ya siku nyingi, Wafaransa wanasema ana «mélancolie». Neno hilo limetoka katika Kigiriki, maana yake ni nyongo nyeusi. Wagiriki wa zamani waliamini kabisa kama nyongo hiyo iko ndani ya mwili, na njo inaleta huzuni.

Hippocrate alizaliwa kisiwani Kos karibu mwaka 460 mbele ya Yesu. Yeye na wafuasi wake walikataa kusema ugonjwa unatoka kwa miungu. Katika fundisho lao, mwili una maji mane: damu (moto na unyevu), makohozi (baridi na unyevu), nyongo ya njano (moto na kavu), nyongo nyeusi (baridi na kavu). Yakichanganyika sawasawa, mutu ana afya. Moja likizidi, anagonjwa. Basi munganga alibadilisha chakula cha mugonjwa, alimutapisha, ao alimutoa damu.

Galien, aliyezaliwa mwaka 129 huko Pergame, inchi ya Uturuki ya leo, njo alieneza fundisho hilo kuliko wote. Karibu mwaka 166 alifika Kipro, kisiwa chenye jina lililozaa neno «cuivre». Alikuwa anatafuta dawa za mawe. Akaingia katika shimo la shaba, na aliandika mambo aliyoona: maji ya kijani yanadondoka chini, harufu inakaba roho, watumwa uchi wanachota maji hayo na kutoka mbio, juu kukawia ndani hakuwezekani.

Wachimbaji wetu watafahamu hesabu hiyo bila kufasiriwa. Lakini Galien alibeba dawa zake akaenda, na hakuacha kitabu juu ya magonjwa ya wale watumwa. Fundisho la maji mane likatawala zaidi ya miaka 1,000. Munganga alipima moto na baridi ya mwili. Kazi ya mugonjwa haikuwa ulizo la kwanza.

Mwaka 1700, munganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Alianza na nani? Na wachimbaji wa madini. Alisema kwa maulizo ya Hippocrate tuongeze moja: unafanya kazi gani?

Leo hakuna munganga anayepima nyongo nyeusi. Tunajua vumbi la mawe yenye silice linaumiza mapafu. Ugonjwa huo, silicose, hauna dawa ya kuuponyesha, na unafungulia kifua kikuu mulango. Kikohozi cha hii na cha ile vinafanana. Kama munganga hajui kazi yako, anaweza kukosea.

Kwa hiyo baba, kaka, ukifika hospitali usingoje kuulizwa. Sema: ninachimba, miaka fulani, chini ao juu, ninatoboa ao ninaponda. Mama anayefua nguo za vumbi, naye aseme. Na kwenye kazi, mwaga maji juu ya jiwe mbele ya kuliponda: vumbi likilowa haliruki, na lisiporuka haliingii kifuani.