Uliza mbao ilikotoka kabla ya kununua kiti

Fanicha za mbao zenye sura ya mashambani, ambazo seremala huziacha na mafundo, nyufa na hata alama za misumari, zimewavutia wakazi wengi wa mijini. Ni imara, zinapendeza sebuleni, na nyingi hutengenezwa kwa mbao kuukuu ambazo zingetupwa.

Hata hivyo, afya ya jamaa watakaozitumia hutegemea mahali mbao hizo zilikotoka. Kwa hivyo, uwe Gikomba jijini Nairobi au katika karakana ya mtaani kwako, kabla ya kuuliza bei, muulize fundi mbao hizo zilifanya kazi gani hapo awali.

NGUZO KUUKUU

Nguzo nyingi za umeme na za ua hutiwa dawa ili zisiliwe na mchwa. Mojawapo ya dawa hizo ina shaba, kromiamu na arseniki, na mara nyingi huupa mti rangi ya kijani iliyofifia. Nyingine ni kreosoti, ambayo ni nyeusi na hunuka kama lami. Arseniki ni sumu inayoweza kusababisha saratani. Mti wa aina hii haufai kutengenezewa meza ambayo mtoto ataweka mkate wake juu yake.

PALETI

Kwenye meza na makochi ya paleti, tafuta muhuri uliopigwa kwenye mbao. Herufi HT zamaanisha mbao zilitibiwa kwa joto. Herufi MB zamaanisha zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Chagua zenye HT. Lakini muhuri hauelezi paleti ilibeba mizigo gani, kwa hivyo kataa yenye madoa ya mafuta au harufu ya kemikali.

RANGI YA ZAMANI

Mbao za milango na madirisha ya nyumba zilizobomolewa huenda zina rangi yenye madini ya risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Ikiwa rangi inabambuka, usiinunue fanicha hiyo, wala usiikwangue nyumbani.

VUMBI NA HARUFU

Kazi yote ya msasa imalizwe kwenye karakana. Tangu 1995, vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha ugonjwa huo kwa binadamu. Vanishi mbichi nayo huwasha macho na koo, na yaweza kumzidishia mgonjwa wa pumu matatizo ya kupumua. Acha fanicha mahali penye hewa ya kutosha hadi harufu iishe kabla ya kuiingiza sebuleni.

Kabla ya kulipa, pitisha kiganja polepole juu ya mbao ili kutambua vibanzi. Hakikisha pembe zimeviringwa iwapo nyumbani kuna mtoto anayejifunza kutembea. Ikiwa fanicha imewahi kutumika, mulika nyufa kwa tochi, kwani humo ndimo kunguni hujificha. Vitundu vyenye unga mpya ni dalili ya wadudu wanaokula mbao.

Mwisho, vipande vya mbao zilizotiwa dawa au rangi visiwashiwe jiko, kwa sababu moshi na majivu yake hubeba sumu ile ile. Na fundi asipojua mbao zake zilikotoka, afadhali akutengenezee kiti cha saiprasi mpya iliyokaushwa vyema.