Mkataba wa Pelindaba

Mkataba wa Pelindaba ni mkataba wa kimataifa unaoifanya Afrika, pamoja na visiwa vyake, kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulitiwa sahihi mjini Kairo, Misri, tarehe 11 Aprili 1996. Ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009, baada ya Burundi kuwa nchi ya 28 kuuridhia.

Jina
Pelindaba ni kituo cha utafiti wa nyuklia karibu na Pretoria, Afrika Kusini. Kwa kawaida jina hilo huelezwa kuwa limetokana na maneno ya Kizulu yenye maana ya "shauri limekwisha".

Historia
Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomu huko Reggane, katika jangwa la Sahara nchini Algeria, iliyokuwa bado chini ya utawala wake. Hadi mwaka 1966 ilifanya majaribio 17 katika jangwa hilo. Nchi za Afrika zilipinga vikali. Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa mnamo Januari 1961. Mnamo Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakikutana Kairo, walitangaza kwamba bara lote liwe bila silaha za nyuklia.

Tangazo hilo lilichukua zaidi ya miaka 30 kuwa mkataba. Kikwazo kikubwa kilikuwa serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini, iliyotengeneza mabomu sita kwa siri. Mabomu hayo yalibomolewa chini ya Rais F. W. de Klerk, na mwaka 1991 nchi hiyo ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. De Klerk alifichua habari hizo bungeni mnamo Machi 1993.

Masharti
Nchi wanachama haziruhusiwi:
- kutengeneza, kumiliki wala kufanyia majaribio silaha za nyuklia;
- kuruhusu silaha hizo ziwekwe katika ardhi yao;
- kutupa taka za nyuklia katika eneo la mkataba;
- kushambulia vituo vya nyuklia.

Matumizi ya amani, kama vile umeme na tiba, yanaruhusiwa chini ya ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Kila nchi huamua yenyewe kama meli na ndege za kigeni zitatia nanga au kutua kwake.

Itifaki
Nchi za Afrika peke yake haziwezi kujihakikishia usalama, kwa kuwa mabomu yako mikononi mwa wengine. Kwa hiyo itifaki mbili zinayataka mataifa matano yenye silaha hizo yaahidi kutoishambulia wala kuitishia Afrika kwa nyuklia, na kutofanya majaribio humo. China, Ufaransa, Uingereza na Urusi zimeziridhia. Marekani ilitia sahihi mwaka 1996, lakini haijaridhia.

Kuna pia suala la kisiwa cha Diego Garcia, chenye kambi ya kijeshi ya Marekani. Kipo katika visiwa vya Chagos, vilivyodaiwa na Mauritius huku vikitawaliwa na Uingereza. Ramani ya mkataba inavijumuisha bila kuamua ni vya nani, lakini Uingereza ilitamka kwamba haikubali viingizwe bila ridhaa yake.