Vitz: nembo ya RS isimponze mnunuzi

Katika yadi za magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam, Toyota Vitz mbili za mwaka mmoja na rangi moja huweza kupishana bei kwa sababu ya herufi mbili tu mlango wa nyuma. Muuzaji husema "hii ni RS" na maelezo yake huishia hapo.

Vitz za kizazi cha pili, zilizoanza kutoka kiwandani 2005, zina madaraja kadhaa. F ndilo la kawaida, U huongeza starehe, na RS lina injini ya lita 1.5. F huwa ya lita 1.0 au 1.3.

Tatizo ni kwamba nembo hubandikwa, na yeyote aweza kuinunua. Kibati kilichopo chini ya boneti ndicho cha kusomwa: KSP90 ni lita 1.0, SCP90 ni 1.3, NCP91 ni 1.5. Kwa kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2010, herufi ni KSP130, NSP130 na NCP131. Anayelipia RS yenye kibati cha KSP amenunua gundi.

Kwa mizunguko ya mjini, F ya lita 1.0 inatosha, ingawa injini yake ya silinda tatu hutikisika kidogo gari likisimama. Ikipakia abiria wanne na mizigo, mlima Kitonga utaiumbua. Msafiri wa Iringa atafute ya 1.3. RS halisi huenda vizuri, lakini tairi zake nyembamba ubavuni hazipendi mashimo.