Deki ya Vidaka: Istilahi za Mtambo wa Kuhifadhi na Kuonyesha Filamu Nyumbani

1. Utangulizi

Baadhi ya wafasiri hudhani kwamba chombo kikishapitwa na wakati, istilahi zake nazo zimekufa, na kwa hiyo hapana haja ya kujisumbua nazo. Sisi hatuafiki rai hiyo. Chombo huweza kuacha kutengenezwa kiwandani na bado kikabaki majumbani mwa watu. Huuzwa, hurithiwa, hupelekwa kwa fundi, hutajwa katika hati za forodha na za mirathi. Na kila inapotokea hivyo, pana mtu anayetakiwa kukitaja kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Makala haya yanahusu chombo kimoja cha namna hiyo, yaani mtambo unaochukua diski nyingi za filamu kwa pamoja, aghalabu mia tatu au mia nne, ili mwenye nazo atazame yoyote aitakayo bila ya kuinuka kitini.

Kilichotusukuma kuandika ni kosa letu wenyewe. Mwaka 2008 mzee mmoja mstaafu alituletea kitabu cha maelezo cha mtambo huo, aliopelekewa na mwanawe kutoka Marekani, akatuomba tumfasirie. Kitabu kiliagiza kwamba diski zote ziondolewe kabla mtambo haujahamishwa. Sisi, kwa kuwa tulikwisha kuuita mtambo wenyewe "kibadilisha-diski", tuliandika: "Diski zote zibadilishwe mahali kabla ya kuhamisha mtambo." Mzee alifuata maneno kama yalivyo. Alizihamisha diski zake kutoka tundu hili hadi tundu lile, kazi iliyomchukua mchana kutwa, kisha vijana wakaubeba mtambo ukiwa umejaa. Ulipofika nyumba ya pili diski nyingi zilikuwa zimechomoka na kukwaruzana, na baadhi yake hazikuonyesha tena picha. Lawama haikuwa ya mzee, wala ya mtambo. Ilikuwa ya neno.

2. Chombo chenyewe

Mfasiri asiyekijua chombo hawezi kuzitaja sehemu zake. Basi na tukieleze kwanza.

Diski za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. Diski moja ina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, na husomwa kwa mwali mwekundu wa leza. Kwa kuwa ni nyembamba na haihitaji kurudishwa nyuma kama kanda ya video, watu wengi walianza kukusanya filamu kwa mamia. Hapo ndipo taabu ilipozuka. Kasha la kawaida la DVD lina unene wa karibu sentimita moja na nusu. Makasha 400 yakipangwa wima hutaka rafu yenye urefu wa mita sita. Aidha, kila filamu humtaka mtazamaji ainuke, atafute kasha, atoe diski na airudishe mahali pake.

Mtambo tunaouzungumzia uliondoa taabu hiyo. Ndani yake mna gurudumu lililolala, na ukingoni mwake diski zimesimama wima kama vitabu, kila moja katika tundu lake lenye namba. Mtazamaji akichagua namba kwa rimoti, gurudumu huzunguka, diski huchomolewa na kupelekwa mbele ya lenzi, na ikimalizika hurudishwa tunduni. Mfano mmoja mashuhuri ni DVP-CX995V wa kampuni ya Sony, uliochukua diski 400. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilitoa BDP-CX960, uliochukua diski 400 za Blu-ray na DVD. Tukikadiria kila filamu kuwa ni ya saa mbili, mtambo uliojaa ni saa 800 za kutazama, yaani siku 33 na ushei bila ya kulala.

Wazo lenyewe lina nasaba ndefu. Mwaka 1948 kampuni ya Seeburg ya Marekani ilitoa kinanda cha kutumbukiza sarafu kilichopanga santuri 50 wima katika safu moja na kupiga pande zote mbili, hata mteja akaweza kuchagua miongoni mwa nyimbo 100. Filamu zilikuja kurithi ufundi wa santuri.

3. Jina la mtambo

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuufuata mtambo kwa jina la kigeni, ambalo huutaja kwa tendo la kubadili. Kitenzi hicho kina uzito wake katika Kiswahili. Kubadili nguo ni kuvua moja na kuvaa nyingine. Kubadilisha fedha ni kutoa hizi na kupokea zile za namna nyingine. Kitu kilichobadilika hakiko tena kama kilivyokuwa. Asikiaye "kibadilisha-diski" aweza kudhani kwamba chombo hiki hugeuza diski ya aina moja kuwa ya aina nyingine. Nacho hakifanyi hivyo. Hukihifadhi kilicho chako, hukitoa unapokitaka, na hukirudisha vilevile kilivyokuwa.

Tulifikiri pia juu ya "ghala la diski" na "kabati la diski". Majina hayo hutaja kuhifadhi, lakini husahau kuonyesha; kabati halichezi filamu.

Mafundi na wauzaji wamekwisha kututangulia. Chombo cha kuchezea kanda za video waliita "deki", na zilipokuja DVD wakakihamishia jina lilelile. Wapo watakaosema kwamba deki ni ya melini, au ni ile ya kupiga deki sakafuni. Ni kweli, lakini muktadha hutosha kutenganisha, kama unavyotenganisha "kaa" la moto na "kaa" wa pwani. Neno lililokwisha kukaa kinywani mwa watu halifai kung'olewa bila ya sababu.

Lililobaki ni kuitofautisha deki hii na ile ya diski moja. Hapa lugha ina hazina yake ya zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa safu za vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyeji, na ndani yake vikapangwa vyombo vya kauri, kila kimoja mahali pake, kihifadhiwe na kionekane. Hatukuona neno linaloafiki zaidi. Kwa hiyo twapendekeza "deki ya vidaka", na panapohitajika ukubwa wake, "deki ya vidaka 400".

4. Istilahi za sehemu zake

Diski: kibapa cha duara kilichohifadhi filamu. "Santuri" tumeiachia ile ya muziki yenye mifuo, na "sahani" tumeirudisha jikoni, kwa kuwa "diski" imekwisha kuzoewa katika fani ya kompyuta.

Gurudumu la vidaka: gurudumu lililolala ambalo diski husimama ukingoni mwake.

Kidaka: tundu la diski moja, lenye namba yake.

Kutia na kutoa: kuweka diski kidakani na kuiondoa. Kitenzi "kubadilisha" kisitumike kwa matendo haya. Aidha, pale "kutoa" kunapoweza kutatiza, mfasiri aseme "kuondoa ndani ya mtambo".

Lenzi: jicho linalosoma diski kwa mwali wa leza. Hivyo ndivyo mafundi wanavyoliita.

Mkanda wa mpira: mkanda unaozungushwa na mota ili sehemu nyingine zizunguke. Isisemwe "mkanda" peke yake, kwa sababu mitaani mkanda ni filamu. Mpira huo huchakaa hata kama mtambo hautumiki, nao ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo fundi huvichunguza.

Mkono: sehemu inayochomoa diski na kuirudisha.

Orodha ya vidaka: majina ya filamu pamoja na namba za vidaka vyake. Mwenye mtambo asiyeitunza orodha hii ana filamu mia nne na hajui iko wapi hata moja.

5. Namba ya eneo

Mtambo mwingi wa namna hii hufika kwetu mikononi mwa ndugu watokao ng'ambo. Kwa hiyo mfasiri hana budi kulielewa jambo moja zaidi. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia katika maeneo, na kila deki hukubali diski za eneo lake. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Omani, pamoja na nchi nyingine za Ghuba na za Ulaya Magharibi, ni eneo la 2. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko katika eneo la 5. Hivyo diski iliyonunuliwa Muscat yaweza kukataliwa na deki iliyonunuliwa Chicago, ingawa zote mbili ni nzima na zimelipiwa kihalali.

Twapendekeza "namba ya eneo", wala si "msimbo wa kanda", kwa kuwa "kanda" katika mazungumzo haya itachanganywa na kanda za video. Pamoja na hilo, mfasiri aonye juu ya umeme: deki ya Marekani hutengenezewa volti 120, na umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230.

6. Kumiliki, kununua na kupewa ruhusa

Istilahi nzito kuliko zote si za mtambo, bali za milki. Anunuaye diski humiliki nakala, hamiliki hakimiliki. Tofauti hiyo yatakiwa ifundishwe mapema shuleni. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, mwenye nakala halali aweza kuiuza, kuigawa au kuiazima bila ya kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Lakini sheria nyingine ya huko, ya mwaka 1998, imekataza kuvunja kufuli la siri lililofungiwa filamu ndani ya diski. Ndiyo maana deki ya vidaka ilipendwa: huionyesha diski yenyewe, haihitaji kuinakili.

Siku hizi watu wengi hutazama filamu kwa njia ya intaneti, na huko hubonyeza neno "nunua". Wengi hawajui kwamba walichopata ni leseni tu, ambayo mtoaji aweza kuifuta. Jimbo la California limetunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji kulitumia neno "nunua" kwa bidhaa ya aina hiyo bila ya kumbainishia mteja kwamba anapewa leseni. Bunge zima liliketi kwa ajili ya maana ya neno moja. Basi mtumishi wa serikali anayefasiri mkataba wa filamu asiandike "mmiliki" mahali panapostahili "mwenye leseni"; kwani wa kwanza ana kitu cha kuwarithisha wanawe, na wa pili hana.

7. Hitimisho

Deki hizi hazitengenezwi tena na kampuni tulizozitaja, na zilizobaki zinazidi kuzeeka. Hilo ndilo linalofanya maneno yake yahitajiwe zaidi: kadiri vipuri vinavyoadimika, ndivyo maelezo yanavyotakiwa yawe sahihi. Mzee wetu tulimwandikia ukurasa wake upya. Sentensi iliyomtia hasarani sasa yasomeka hivi: "Ondoa diski zote ndani ya mtambo, kidaka baada ya kidaka, kabla ya kuubeba." Diski zilizokwaruzika hatukuweza kumrudishia.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Twawakaribisha wafasiri, walimu na hasa mafundi watuletee maneno wanayoyatumia kazini, ili yapimwe pamoja na haya.